Desibeli Tatu

Tulianzia kwenye birika la nyumba ya bibi, Mkomani,
lile lenye bakuli la kauri chini
ambamo visamaki hujificha maji yakipungua.
Nikatumbukiza tufe, nikapiga mlio mmoja.
Kuta nne zikajibu kwa pamoja
kama mashangazi walioulizwa nani atapika.
Hapa hakuna kipimo, nikasema. Twendeni mkondoni.

Tufe ni kazi ya Bunu, fundi wa Langoni:
ganda la chuma, kiini cha mpira mgumu,
ukubwa wa dafu lililochongwa.
Halina betri. Halina waya. Halina la kuanzisha.
Sauti ikilifikia hupenya, hujikusanya nyuma ya kiini,
hugeuka, hurudi kwa njia iliyojia.
Usipolipigia hodi litakaa kimya
hadi chaza walijengee mji mgongoni.

Na faida yake ndiyo hiyo.
Kinachojisemea hukupa habari zake;
kinachojibu tu hukupa habari zako.
Ukilijua jibu kabla ya swali
ndipo utajua sikio lako limepinda wapi.

Mkondo wa Manda, siku ya maji mafu.
Shekuwe alizama, akalifunga mita ishirini chini,
akaibuka, akatema chumvi: tayari.
Nikabonyeza.
Sehemu ishirini na sita za elfu za sekunde,
kope haijashuka, jibu likafika:
hasi thelathini na tisa.
Karatasi ilisema hasi thelathini na sita.

Siku ya pili, vilevile.
Siku ya tatu chewa mnene alikuja kusimama kando ya tufe
na skrini ikawaka kama nyumba ya harusi.
Tukamngoja. Tukala mkate wa mofa, tukamaliza chai ya chupa.
Alipochoka nasi akaenda zake.
Hasi thelathini na tisa.

Nikampigia simu Bunu: tufe lako linavuja.
Kimya.
"Haya," akasema, akakata.

Shekuwe akalitoa. Utelezi wa kijani, kaa mmoja mdogo, basi.
Akalitikisa sikioni.
"Zima. Mai hayakungia."
Bunu akaleta la pili, amelifunga kwa gazeti,
hakuniangalia usoni.
Nikalishusha.
Hasi thelathini na tisa.

Mashahidi wawili, neno moja.
Ndipo nilipoipindua sona yenyewe,
nikapitisha ukucha juu ya sikio lake
na ukucha ukakwama:
ufa, mwembamba kama unywele wa mtoto.

Desibeli tatu, kwa asiyejua, ni nusu.
Si chembe. Nusu.
Mwaka jana nilisimama Kizingitini na grafu yangu
nikawaambia wavuvi, samaki wenu wamebaki nusu.
Wakafunga eneo miezi minne.
Kuna aliyeuza injini; sikumuuliza jina.
Muuza pweza mmoja alicheka: "Labda wamejificha."
Nikaandika daftarini: hawaamini sayansi.

Ufa huu una umri gani? Haukuandikwa tarehe.
Mwaka jana hatukushusha tufe lolote.
Bajeti, tulisema.

Nimekwenda Langoni na kilo ya tende.
Bunu akaweka matufe yote mawili juu ya meza ya vyuma,
akaligonga moja kwa spana, akasikiliza,
akaligonga la pili, akasikiliza,
kisha akavuta kitabu cha risiti.
"La kwanza, elfu nane mia tano.
La pili, elfu nane mia tano."
Akalamba ncha ya kalamu.
"Na ile simu?"

Jibu langu lilichukua muda mrefu
kuliko la tufe.
Na bado Kizingitini.